Mkia wa Mgeni

Ezron alipitisha kisu kwenye shingo ya kondoo aliyekwisha kufa. Damu ilitoka kidogo tu, nzito.

Alfajiri hiyo alikuwa amemkuta kajinyonga kwa kamba yake. Alikuwa dume mnono, ila mkia wake ulikuwa nusu. Nusu nyingine aliichukua mbwa mwaka jana. Kondoo huyo alinenepeshwa kwa ajili ya Mzee Salimu, muuza vitambaa, jirani yao hapo Ibighi. Mkewe Lilian alipozidiwa na ugonjwa, mzee huyo alimkimbiza hospitali ya Igogwe kwa pikapu yake, akakataa hata pesa ya mafuta. Leo alikuwa aje achinje mwenyewe, kisha wale pamoja.

Ezron akampigia simu, akamwambia asijisumbue, kapita Mwislamu mmoja wa Makandana na kazi imekwisha. Njia ya mwongo ni fupi, naye aliijua methali hiyo tangu shuleni. Lakini umwite mtu kumshukuru, halafu umwekee ndizi tupu?

Lilian alipokuja kusaidia kuchuna, alipitisha kidole pale kamba ilipokwangua manyoya.

"Baba Tulia, nenda sokoni ukalete mchele na soda," alisema. "Nyama niachie mimi."

Aliporudi, sufuria lilikuwa linachemka. Jembe lilikuwa limeegemezwa kwenye mgomba, lina udongo mbichi. Alidhani mkewe amechimba magimbi. Harufu ya mchuzi ilikuwa nzuri, na ndiyo iliyozidi kumtia aibu.

Saa nane Salimu akafika na mkewe Mwanaasha, wamevaa nguo zao za Ijumaa. Wakanawa. Sinia likaletwa limefunikwa kawa, maana mkia huwekwa juu ya wali, na mgeni ndiye wa kuufunua. Mwanaasha aliwashukuru wenyeji kwa kuwakumbuka. Ezron alitamani ardhi immeze. Salimu akasema bismillahi, akanyoosha mkono.

Ezron akasimama.

"Usile, Mzee Salimu," alisema. "Ni kibudu. Kisu kilimkuta ameshakufa. Nilikudanganya."

Lilian alitazama chini. Salimu hakurudisha mkono, akainua kawa. Juu ya wali ulilala mkia mpana, umejaa mafuta, mzima hadi nchani.

"Kaa ule, Baba Tulia," alisema. "Huyu nimemchinja mwenyewe. Nilikuwa nimemweka wa Idd."