Kitabu Kilichokonda

Uvumi ulimfikia Raelene Stubbs kwa redio ya upepo, mikono yake ikiwa kwenye unga.

"Umesikia?" ilisema sauti ya Glenys, jirani yake wa kilomita thelathini. "Kuna mtu kaandika barua idara ya elimu, Perth. Eti kuna mama huku kwetu anamfundisha mtoto nyumbani kwa kitabu kilichochanwachanwa."

"Mama gani huyo?"

"Nitajuaje? Si ajabu ni wewe." Glenys akacheka, akakata.

Raelene hakucheka. Alikitazama kitabu cha hesabu cha darasa la saba juu ya friji. Januari kilikuwa kinene kama tofali. Sasa kilikuwa kimekonda.

Yeye mwenyewe aliishia darasa la sita. Kila Jumapili alivaa miwani, akapitia masomo ya wiki, na ukurasa asiouelewa aliuchana taratibu, akautandika kwenye viota vya kuku. Mahali pake aliweka alichokijua: binti yake Tegan alipima dawa ya minyoo kwa uzito wa kondoo, akahesabu nguzo za uzio, akachora mabomba ya maji hadi kisima cha mwisho. Masomo mazuri tu. Ila humo hamkuwa na swali ambalo mama angeshindwa kulijibu.

Angegundulika, kibali cha kufundishia nyumbani kingefutwa na Tegan angepelekwa shule ya bweni ya Geraldton, kilomita mia nne. Corey, kaka yake Tegan, alipelekwa huko akiwa na miaka kumi na miwili, kama Tegan sasa. Siku hizi huja Krismasi, na huuliza vikombe vinakaa kabati gani.

Jumanne lori la posta lilileta barua: mkaguzi angefika Ijumaa. Raelene hakutulia tena. Alipanga madaftari, akayapangua. Glenys alipoita redioni, aliizima. Nani mwingine? Si Glenys aliyekunywa chai mezani pale mwezi uliopita, akakipima kitabu mkononi na kusema, "Hiki nacho kinajinyima chakula?"

Alhamisi Glenys akaja mwenyewe, amesimama getini na vumbi la gari lake.

"Umeninunia, mwenzangu?"

"Nina kazi."

"Kazi ya kuzima redio?"

Raelene hakumkaribisha. Gari lilipoondoka alikimbilia bandani kuzirudisha zile kurasa. Nyingi zilikuwa hazitazamiki kwa mavi. Nne hazikuwapo kabisa. Panya, alifikiri.

Tegan alikuwa amechutama humo na kikapu.

"Kuku kumi na wawili, nusu saa nzima? Unafanya nini humu kila siku?"

"Naandika tarehe kwenye mayai, Mama." Alionyesha penseli sikioni. "Au unataka Baba ale tena lile la mwezi uliopita?"

Ijumaa mkaguzi, Bi Hartigan, alikung'uta vumbi jekundu kwenye sketi, akakaa jikoni. Raelene alisimama, akakaa, akasimama tena. Mkaguzi alipitia hesabu za dawa na nguzo, akatabasamu. Kisha akamwandikia Tegan swali lenye herufi na namba zilizochanganyika, la aina ile ile iliyomfanya Raelene achane ukurasa wa kwanza.

Tegan alilimaliza kabla birika halijachemka. Akachukua kikapu, akaenda bandani.

"Yuko mbele ya wenzake," alisema Bi Hartigan. "Kibali kinabaki."

Raelene alishusha pumzi, akapandisha miwani kichwani. "Basi Glenys na barua yake ya umbea..."

"Glenys nani? Barua ninayo hapa." Mkaguzi alifungua mkoba. "Ni ombi la nafasi bwenini. Nafasi ipo, inasubiri sahihi ya mzazi."

Aliiweka mezani, na kalamu juu yake. Ilikuwa ukurasa wa mia moja na kumi na mbili, ukingo umechanika, unyoya mdogo umegandia pembeni. Upande wa nyuma, palipoachwa wazi mwisho wa sura, paliandikwa kwa penseli: "Naomba kuja kusoma huko mwakani. Mama ameshamaliza yote anayoyajua, na anaona haya kuniambia."

Kwa mama mwenye mtoto wa umri huo, ya kuepuka ni haya:

- Kununua kitabu usichokifungua wewe kwanza, mpaka mwisho.
- Kuchana ukurasa kwa sababu wewe hukufika hapo.
- Kumnunia jirani kabla ya kuona mwandiko.
- Kusingizia panya.
- Kusema huioni miwani yako, na iko kichwani, wakati umewekewa kalamu mbele yako.