Karatasi Isiyojikunja

Rulan alilitambua jarida lake mara tu lilipotolewa kwenye kikapu cha nyuzi. Tangu asubuhi alikuwa akizunguka mji wa Changshu kutafuta mwanamke hata mmoja anayelisoma, maana wafadhili wake kule Shanghai walikuwa wameshachoka nalo.

"Hili halitoki humu ndani, dada," alisema mwenyeji wake. "Karatasi yake nzuri, haijikunji."

Akalifungua. Kati ya kurasa mlijaa vigezo vya karatasi vya kukatia na kushonea viatu. Kimoja kilikuwa kimekatwa kwenye jarida lenyewe, hakizidi urefu wa kidole, na kilikuwa na maandishi. Rulan akayasoma. Yalikuwa maneno yake mwenyewe, yale ya kuwasihi akina mama waache kuwafunga mabinti miguu ili ibaki midogo.

"Kwani haya hukuyasoma?"

"Nani, mimi? Anayesoma ni mume wangu, naye anaangalia picha tu." Akacheka. "Usininunie, basi. Nisomee wewe."

Rulan alisoma, na pale mkasi ulipokuwa umekata maneno akamalizia kwa kichwa. Yule mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaguna.

"Matamu kweli. Una mtoto wa kiume aje amwoe binti yangu na miguu kama makasia?" Akamwita binti, akaja pekupeku. "Haya, dada, nishikie mguu wake nipime."

Rulan akaushika. Ulikuwa wa moto, una vumbi, umejaa kiganja. Mtoto alicheka kwa kutekenywa.

"Nimeshapima, dada. Mwachie."

Rulan hakumwachia.