Wiki ya Bure Nkowe

“Bosi, runinga ya Nkowe imerudishwa tena,” Habibu alisema kwenye simu. Yeye ndiye wakala wa Ruangwa. “Imefutwa vumbi, waya zimekunjwa vizuri. Wanasema haijawafaa.”

Masoudi alisonya. Kutoka ofisini kwake Nachingwea alikodisha runinga za sola kwa malipo ya kila mwezi, na kila kaya mpya ilipewa kwanza wiki moja ya kujaribu bure. Masasi walilipa. Nanganga walilipa. Nkowe, hata mmoja.

“Tuwape mwezi, bosi. Mtu akishaizoea, kuitoa nyumbani ni msiba.”

“Mwezi! Wale? Mpe mshamba mwezi wa bure, atadhani kairithi. Mwenye akili wiki inamtosha. Hao macho yao yamezoea kutazama mbuzi.”

“Lakini hawaachi kuja. Huyu akirudisha, kesho yake mwingine anapanda bodaboda kuja kuchukua. Mmoja mmoja.”

“Waoga hao,” Masoudi alicheka. “Wanasubiri waone kama mwenzao kapona.”

Ikarudi tena. Ikachukuliwa, ikarudi tena. Mwisho uzalendo ukamshinda. Akawasha pikipiki, akaenda mwenyewe kuwafundisha watu wa Nkowe maana ya runinga. Njiani alikuwa akiipanga hotuba yake: ataongea taratibu, kwa maneno mepesi, kama anavyoongea mtu na watoto.

Alipofika, alasiri, mashamba yalikuwa matupu. Akafuata kelele hadi kwenye uwanja wa nyumba moja, akadhani ni harusi. Wanaume wamebanana kwenye mabenchi, akina mama wamejaa mikekani, watoto wamekalia vinu vilivyolazwa chini. Mbele yao, juu ya meza yenye kitambaa cha maua, runinga yake ilikuwa ikionyesha mpira.

Mama mmoja aliinuka kumpokea. Hakumjua, hakuna aliyemjua pale.

“Karibu mgeni, sogea mkekani. Mimi Mwamini. Wiki hii iko kwangu, keshokutwa inahamia kwa Isihaka.”

“Inahamia?” Masoudi aliuliza. Hotuba ilikwishamtoka kichwani.

Mwamini akamsogelea, akashusha sauti kama anayempa ndugu siri ya ukoo.

“Nkowe tuna kaya nyingi, mwanangu, na mwenye mali bado hajashtuka. Wewe wa kijiji gani? Waambie na wenzako. Ila msiende wawili kwa siku moja.”