Kijiko cha Pombe

Bi Mashavu hakuwahi kugusa pombe, na kila chupa aliyoikuta kwa mwanawe Hamadi aliivunja. Sasa tabibu wa zahanati alimkabidhi kijiko na chupa ya pombe kali.

“Gongo aliyokunywa jana ilitiwa spiriti ya viwandani, mama. Kimeng'enya kilichomo kwenye ini ndicho kinachoigeuza kuwa sumu. Pombe safi itakishughulisha, spiriti itoke kwa mkojo. Dawa yenyewe hatuna. Lakini amebana meno. Anasema asubuhi alikuapia hatakunywa tena.”

Bi Mashavu alipiga magoti kando ya kitanda cha mwanawe, akamimina pombe kijikoni.

“Fumbua kinywa, baba. Nakusihi, kunywa.”

Hamadi aliigeukia sauti. Jua la adhuhuri lilikuwa limejaa kitandani.

“Washeni taa kwanza,” alisema, “nione kama kweli ni mama.”