Ndege Msibani

Ndege ya karatasi ilikuwa imeshamtoka mkononi ndipo Beda alipoliona jicho la marehemu kaka yake kwenye bawa.

Alitaka tu kumbembeleza binti wa marehemu, aliyekuwa akilia huku katekista akihubiri. Tangu shuleni, vidole vya Beda havijui kukaa na karatasi bure. Aliikunja ile aliyogawiwa, akaibana mikunjo kwa ukucha, akairusha. Wala hakukumbuka kwamba ilikuwa ya wasifu wa marehemu, tena yenye picha yake.

Ikaelea chini ya turubai, juu ya vichwa vya nusu ya watu wa kijiji chao cha Ulaya, ikatua kwenye mkeka wa mjane.

Katekista akanyamaza. Mjane aliiokota, akaitazama ile sura iliyokunjwa katikati ya pua.

"Shemeji," alisema taratibu, "hata hatujamzika."

Beda akatafuta pa kuuweka uso wake, asipaone.

Mtoto ndiye aliyekimbia, akaichukua ndege mkononi mwa mama yake na kumrudishia Beda, huku akicheka kwa mara ya kwanza tangu msiba uingie.

"Baba mdogo, mrushe tena baba!"