Chupa Isiyokauka

Paulina aliimwaga dawa ya baba yake nyuma ya nyumba, akatazama huku na huku, kisha akalijaza bakuli lile lile dawa ya zahanati. Rangi zilifanana. Harufu nazo hazikupishana sana, jambo lililompa faraja, kwa sababu Mzee Yeremia aliugua mwili mzima isipokuwa pua.

Mzee alikuwa na siku nne kitandani. Homa ilimpanda mpaka akawa anaongea na mkewe aliyekwisha kufariki, tena wanagombana. Paulina alikuwa mtoto wake wa pekee, na aliogopa kumzika. Hofu hiyo haikuwa na pambo lolote.

Kwenda zahanati mzee alikataa katakata. Kwa miaka arobaini alikuwa ametibu watu kwa mizizi, kuanzia Munisagara hadi Mikumi, na serikali ilipowahamishia wote kwenye kijiji kipya cha ujamaa, alihamisha mizizi kwanza, vitanda baadaye.

"Nife kwa dawa iliyopanda treni?" alisema huku meno yakigongana. "Heri nife kwa ya kwangu."

Ukaidi wa wagonjwa ni jambo la kawaida, ila huyu alikuwa na mkwe ambaye ndiye daktari wa zahanati, au ndivyo mkwe mwenyewe alivyopenda kuitwa. Lupakisyo, mume wa Paulina, alikuja kutoka Tukuyu na cheti chake kikiwa ndani ya fremu. Kila mkutano wa kijiji aliwalaani waganga wa mizizi kwa nusu saa bila kupumzika. Wanakijiji walimpigia makofi mengi, kisha wakarudi nyumbani kuchemsha mizizi.

Na kweli Lupakisyo alikuwa na la kujivunia. Masika ya mwaka huo wa 1975 yaliikata barabara, na lori la dawa lilikuwa halijaonekana tangu Februari. Hata hivyo zahanati yake haikuishiwa hata siku moja. Ile chupa kubwa ya dawa ya homa ilijaa kila Ijumaa asubuhi, baada ya yeye kujifungia ndani akichanganya, kazi ya kitaalamu ambayo hata mkewe hakuruhusiwa kuitazama. Mwenyekiti wa kijiji alisimama akaeleza kwamba hayo ndiyo matunda ya kupanga mambo mapema. Naye alipigiwa makofi.

Mzee na mkwewe hawakuonekana pamoja kamwe. Kwa heshima ya ukwe, Lupakisyo hakuingia chumbani kwa mzee wala kula naye sahani moja. Kwa chuki, walisema majirani, wasingesalimiana hata wakikutana darajani. Kila Alhamisi mzee aliteremka bondeni kuchimba mizizi. Alhamisi hiyo hiyo Lupakisyo alipanda baiskeli kwenda kukagua vyoo vya huko huko bondeni, ambako hapakuwa na nyumba nyingi. Maskini, walilazimika kupishana njiani.

Kilichomchoma Paulina ni ubaridi wa mumewe.

"Baba anakufa," alimwambia. "Mpelekee dawa yako, hata kama ni kwa nguvu."

"Mama Tomasi, mzee ana dawa zake. Mwache anywe."

"Si wewe unayesema mizizi ni ujinga?"

"Hayo ni ya mkutanoni," alijibu Lupakisyo, akaendelea kupiga pasi kola ya shati lake.

Hapo Paulina aliamini kwamba ameolewa na jiwe. Kesho yake, alipokwenda kufagia zahanati kama kawaida, alirudi na chupa ya soda chini ya khanga, imejaa dawa ya homa.

Mzee alikunywa funda la kwanza, akakunja uso, akalitazama bakuli.

"Umechemsha wewe?"

"Ndiyo, baba."

"Haya," alisema mzee, akamaliza yote.

Siku ya pili jasho lilimtoka. Siku ya nne aliomba uji, akalalamika kwamba hauna chumvi. Siku ya sita aliketi barazani, na kijiji kizima kikafurika kumpa pole. Walimpa pole kwa maneno machache, kisha wakaomba mizizi. "Mnaona? Kajitibu mwenyewe!" walisema. Hata mwenyekiti alifika, akapitia nyuma ya nyumba, akidai kwamba anakagua paa.

Paulina aliyavumilia hayo mpaka yakamshinda. Alifurahi kwamba baba yake ni mzima, lakini ilimuuma kuona mizizi aliyoimwaga kwa mkono wake mwenyewe inavikwa taji. Isitoshe, mzee angeugua tena siku moja, na yeye hakuwa na ujanja wa pili. Watu walipotawanyika, alipiga magoti.

"Shikamoo, baba. Nina neno."

"Marahaba, mwanangu. Sema."

"Nisamehe. Dawa yako niliimwaga yote. Uliyokunywa siku zote hizi ni ya zahanati, nimeiiba kwa mume wangu. Hiyo ndiyo iliyokuponya, baba. Acha ubishi sasa. Siku nyingine ukiugua, twende zahanati mchana kweupe."

Mzee Yeremia hakukasirika. Alimwinua binti yake, akamketisha karibu naye mkekani.

"Nilijua tangu funda la kwanza," alisema, halafu akashusha sauti ili majirani wasisikie. "Sasa mwambie mumeo, ile mizizi ninayompa kule bondeni kila Alhamisi asiitie maji mengi hivyo. Amenichelewesha kupona siku mbili nzima."