Nta kwenye Meza ya Mama Mkwe

Kajetan alizinduka kitini saa nane mchana, akaiona meza ya mbao za msaji ya marehemu mama mkwe wake imefunikwa nta, kuanzia miguuni pa sanamu ya Mama Maria hadi ukingoni. Mshumaa aliouwasha kwa sala ya adhuhuri ulikuwa umeisha. Yeye mwenyewe alikuwa amesinzia kabla ya kufika Amina.

Hapo alikwisha, na alijua. Mwezi uliopita alisahau jiko likiwaka, dengu zikawa makaa. Wiki iliyopita alifungua bomba akaenda kunyolewa. Majirani wa chini wakaoga bila kupenda. Ludovina, mkewe, hakupiga kelele. Alisema tu kwamba likitokea la tatu atamnyang'anya ufunguo wa nyumba. Mwanamume wa miaka sitini na moja, mtaa mzima wa Bandra ukimwona ameketi ngazini akimsubiri mkewe arudi sokoni kumfungulia mlango! Sisi wanaume wa mtaa huu tumeaibika kwa mengi, lakini si kwa hilo.

Na Ludovina angerudi kutoka kwa dada yake saa kumi.

Hyginus, jirani wa mlango wa pili, alipita kumwonyesha mguu wa nta alioununua kwenye vibanda vya sikukuu ya Mama Maria, akautoe kanisani Jumapili, kama ilivyo desturi ya kutoa nta yenye umbo la kiungo kinachougua, ili goti lake bovu lipone. Alipoiona meza alitikisa kichwa, akashauri imwagiwe maji ya moto.

"Maji ya moto kwenye msaji?" Kajetan alisema. "Ndugu yangu, nenda kauguze goti lako."

Maana kwa kazi hii hakuwa mgeni. Mtu anayemwaga nta kila mwaka mwishowe hugeuka fundi. Alitia barafu kwenye mfuko, akaikalisha juu ya nta mpaka ikawa ngumu, kisha akaikwangua kwa kifuu cha nazi, maana kisu kingechuna mbao. Ilibanduka mapande mapande, nyingi ajabu kwa mshumaa mmoja. Akaona kumbe watengeneza mishumaa wa siku hizi hawapunji watu kama inavyosemwa. Katikati ya nta mlikuwa na gazeti limelowa chapachapa, akacheka peke yake: Ludovina alitandika gazeti mapema, anamjua mumewe. Kipande kimoja kilikuwa kimejikunja kama sikio. Vyote akavitupa pipani.

Madoa yaliyobaki aliyafunika kwa karatasi ya kaki, akapitisha pasi ya uvuguvugu, karatasi ikanyonya. Akamalizia na mafuta ya nazi. Saa kumi kasoro robo aliinama akajiona ndani ya meza, na kwa mara ya kwanza mwaka ule mzee aliyemtazama alimpendeza.

Ludovina aliingia, akatua kikapu, akapitisha kidole mezani.

"Umeisugua meza ya mama?"

"Sikukuu hii, mke wangu. Nikaona si vizuri ikae hivihivi."

Ludovina alipitisha kidole tena. Kisha akakiri kwamba huenda alikuwa amemwonea kwa lile neno la ufunguo. Mume anayekumbuka meza ya mama mkwe si wa kufungiwa nje. Kajetan akavimba kichwa. Alikuwa karibu kumweleza habari za kifuu.

Mkewe akachungulia nyuma ya sanamu. Akainama, akatazama chini ya meza.

"Kajetan, kile kichwa nilichokifunga kwenye gazeti kiko wapi?"

"Kichwa gani?"

"Cha nta. Nikutolee Jumapili, upone huu usahaulifu wako. Yule muuzaji aliniuliza mgonjwa ana hali gani. Nilipomweleza, akanichagulia kikubwa kuliko vyote."

Kajetan akauchomoa ufunguo mfukoni, akamwekea kiganjani.